Matundu Matatu

"Mama, hii munapelekaka wapi?"

Aliyeniuliza alikuwa amejifungua dakika ishirini tu zilizopita. Mtoto alikuwa kifuani pake, amefunikwa taulo, nami nimesimama kwenye meza ya pembeni nikikagua kondo la nyuma. Ilikuwa saa kumi usiku, mwezi wa Februari, wodi ya wazazi katika hospitali moja ya Birmingham. Mama huyu kwao ni Bukavu. Tangu jioni alipogundua kwamba mkunga wake anajua Kiswahili, Kiingereza alikiweka kando. Alisukuma mtoto huku akimwita Mungu kwa Kiswahili cha Kivu, mimi nikamjibu kwa Kiswahili cha Tanga, na tukaelewana vizuri sana.

Alikuwa anaulizia kitovu. Siku chache kabla, kliniki, alitia sahihi fomu ya kukubali kwamba kitovu cha mwanawe kichukuliwe kwa ajili ya utafiti. Aliitia sahihi pamoja na karatasi nyingine kibao, kama wafanyavyo wengi. Sasa alikuwa anakiona kwa macho yake: kamba nyeupe yenye kung'aa kama lulu, imejisokota, imelala ndani ya chupa ya maji ya chumvi yenye lebo. Na swali likamjia.

"Inakwenda maabara, mama. Wanajifunza mishipa ya damu."

"Wanajifunza nini juu ya mishipa?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka nilikuwa nikijaza chupa zile, nabandika lebo, naziweka kwenye friji, asubuhi zinachukuliwa. Nilimwambia nitauliza, nitamletea jibu. Alinitazama kwa namna ya mtu aliyewahi kuahidiwa mengi na wenye sare, akarudi kwa mtoto wake.

Kitovu kinapokatwa, mkunga ana kazi moja ndogo ambayo wageni wa chumbani hawaioni. Anakata ncha mpya kwa mkasi, anaipangusa damu kwa shashi, anaiinua kwenye taa na kuhesabu matundu. Yanatakiwa yawe matatu. Kote kuzunguka ni ute mzito uliogandamana, laini na wenye kupitisha mwanga kama nyama ya dafu changa. Katikati ya ute huo kuna nukta mbili nyeupe, ngumu kidogo, zimejifunga: hizo ni ateri mbili, zinazotoa damu kwa mtoto kuipeleka kwenye kondo. Pembeni yake kuna tundu la tatu, pana, lenye mdomo uliolegea, na ukilibonyeza linafunguka kama mfuko. Hiyo ndiyo vena, inayomletea mtoto damu yenye oksijeni. Tulivyokariri shuleni, ateri ndiyo yenye damu safi. Kwenye kitovu mambo yamegeuka. Katika kama mimba moja kati ya mia, ateri huwa moja badala ya mbili. Wengi wa watoto hao wako salama kabisa, lakini tunamwita daktari wa watoto amwangalie, kwa sababu mara nyingine figo au moyo navyo vina kasoro.

Kuhesabu huko nimekufanya maelfu ya mara. Nilikuwa nikitazama matundu ili nijue idadi yake. Swali la mama wa Bukavu lilinifanya nijiulize kwa mara ya kwanza yametobolewa na nani.

Huenda lugha yetu nayo ilinichelewesha. Tunalo neno moja, mshipa, na tumelitwisha mzigo mkubwa: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata ule ugonjwa wa wanaume wa pwani unaovimbisha korodani, nao tunauita mshipa. Neno hili linanijengea picha ya kamba, kitu kilichojaa na kukaza. Lakini mshipa wa damu unafaa kwa sababu ya pale pasipo kitu, ule uwazi wa ndani ambamo damu hupita. Kwa uwazi wa namna hiyo Kiswahili kina neno zuri ajabu, uvungu, na sisi tumeliacha likae chini ya kitanda.

Bibi yangu alikuwa mkunga wa jadi Pangani. Hakuhesabu matundu, ila kitovu alikitazama, akakipima unene kwa vidole viwili, na kondo aliliosha kabla ya kulizika. Langu lilizikwa nyuma ya nyumba, juu yake ukapandwa mche wa mnazi. Mnazi ule upo hadi leo. Nikienda nyumbani wajomba hunionyesha kana kwamba wananitambulisha kwa ndugu. Mtu wa kwetu ukitaka kujua kwao hasa ni wapi, humuulizi alizaliwa wapi, unamuuliza kitovu chake kimezikwa wapi. Kwa hiyo swali la yule mama nilielewa linatoka wapi. Alikuwa ananiuliza mwanawe atakuwa wa wapi.

Kuna jambo jingine lililokuwa ndani ya swali lile, ingawa mwenyewe hakulijua.

Mwaka 1997 nilikuwa mkunga mpya katika hospitali moja ya wilaya, bara, mbali na kwetu. Nina miaka ishirini na minne, cheti bado kinanukia wino. Mchana mmoja alilazwa binti wa mimba ya kwanza, kama wiki ya 34, miguu imevimba. Jioni aliniita nikipita na sinia la dawa. "Nesi, kichwa kinanigonga. Na naona vimulimuli." Vimulimuli, ndivyo alivyosema, na alipunga mkono mbele ya uso kama anayewafukuza. Kipimo cha presha kilikuwa wodi nyingine. Wodi ilikuwa na wagonjwa zaidi ya arobaini na wauguzi wawili. Nikamwambia, "Lala, mdogo wangu, ni uchovu wa safari." Nilisema kwa upole. Upole ule unaniuma kuliko kama ningemkemea.

Saa tatu usiku mama mmoja wa kitanda cha jirani alipiga kelele. Tulimkuta binti anatupwatupwa na degedege, meno yameuma ulimi. Kifafa cha mimba. Tulimpa dawa tuliyokuwa nayo, tukamtoa mtoto alfajiri, mtoto amekwisha kufa. Mama alipona, lakini siku tatu hakujua yuko wapi, na siku ya nne alipojua ndipo akaulizia mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Nilifundishwa dalili zile darasani. Maumivu makali ya kichwa, kuona nyota au vimulimuli, uvimbe, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Nilizijibu zote katika mtihani. Mgonjwa alinisomea mtihani wangu mwenyewe, neno kwa neno, na mimi sikusikia. Tangu siku ile nilitaka kujua kwa nini mimba inaweza kumfanyia mama hivyo. Walimu wa wakati ule walikuwa na jibu moja: ni ugonjwa wa nadharia nyingi. Nilikuja Uingereza nikiwa na swali hilo, kazi ikalifunika.

Kijana aliyekuwa akija na kisanduku cha barafu kuchukua vitovu alifurahi kuliko nilivyotarajia nilipomuuliza anavifanyia nini. Akanikaribisha maabara yao. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, nikitembea kandokando ya mfereji wa Worcester na Birmingham, ule unaopita Edgbaston karibu na chuo kikuu, mnara wa saa unaonekana juu ya miti.

Alikuwa ametoa kitovu kimoja kwenye chupa. Chini ya lebo niliuona mwandiko wangu. Akakipangusa, akakata ncha, na kabla hajasema lolote nikahesabu: matatu. Akaingiza sindano butu kwenye lile tundu pana, akaifunga kwa uzi, akapitisha maji ya chumvi hadi yakatoka meupe upande wa pili. Kisha akajaza vena kimeng'enya, akabana ncha zote mbili, akakilaza kitovu ndani ya kabati la joto la nyuzi 37. Baada ya dakika kadhaa alikitoa, akakiminya taratibu kwa vidole, majimaji yakashuka kwenye chupa. Kwa macho yalikuwa maji tu. Humo, aliniambia, mna seli zilizokuwa zimetandikwa ndani ya mshipa. Njia hiyo ilielezwa na Eric Jaffe na wenzake New York mwaka 1973, na tangu hapo sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu seli za mishipa ya binadamu imetoka kwenye vitovu. Mama zetu hawakuambiwa kamwe jinsi walivyosaidia.

Seli alizokuwa ameziandaa wiki iliyotangulia zilikuwa tayari kwenye hadubini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikainama. Niliona sakafu ya mawe yaliyopangwa, kila jiwe limemgusa jirani, hakuna nafasi hata ya uzi. Tabaka moja tu. Aliniambia kila mshipa mwilini, kuanzia aota inayopitisha kidole hadi kapilari, umetandikwa tabaka hilo moja. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama milimita 0.008, na ziko kapilari ambazo ni nyembamba kuliko hapo, hata chembe hujikunja ili ipite, moja moja, kama watu kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe.

Sahani ya pili ilinishangaza zaidi. Seli zilezile zilikuwa zimewekwa juu ya ute mzito jioni iliyopita. Usiku kucha, bila kushikwa na mtu, zilikuwa zimehama, zikashikana mikono, zikatengeneza kitu kama kimia cha mvuvi kilichoanikwa.

"Wavu huu ni kamba tu kwa sehemu kubwa," kijana akasema. "Kamba haina faida kwa damu. Swali ni uwazi unaingiaje."

Nilikaa pale kwa saa tatu. Yafuatayo ni niliyoyapata siku ile na miaka iliyofuata, kwa kusoma nikitoka zamu za usiku, kamusi ya tiba mapajani.

Mwili unapokua, au kidonda kinapopona, hutokea mahali ambapo oksijeni haitoshi. Seli za mahali hapo huhisi upungufu huo. Jinsi zinavyouhisi ni ugunduzi uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Zikihisi, hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga na kuitangaza mwaka 1989. VEGF husambaa kama harufu ya chakula jioni: karibu na jiko ni kali, mbali ni hafifu. Seli za mshipa wa jirani huinusa kupitia vipokezi vyake. Iliyoinusa kwa nguvu kuliko wenzake inageuka kiongozi, inatoa vidole vyembamba na kuanza kutambaa kuifuata. Hapo hapo inawagusa majirani kwa ishara nyingine, ya kuwaambia: ninyi msitangulie, bakini nyuma. Bila ishara hiyo ya pili kila seli ingetaka kuongoza, na mahali pa mshipa pangeota kichaka. Wanaobaki nyuma huongezeka na kujenga shina. Ni kazi ya shina hilo kufungua uvungu.

Nilidhani uvungu huchimbwa, seli za katikati zinakufa na kuacha nafasi. Ipo mirija mwilini inayofanywa hivyo. Kwenye mishipa mikubwa ya mwanzo ya kiinitete, mambo ni mengine. Kuanzia mwaka 2009 watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walilionyesha hilo kwa aota ya kiinitete cha panya. Seli mbili zinaanza zikiwa zimekumbatiana uso kwa uso. Kisha kwenye ule uso wa kukumbatiana zinapeleka protini zilizovikwa sukari zenye chaji hasi ya umeme. Pande zote mbili zina chaji hasi, na chaji zinazofanana hufukuzana. Zinaachana kidogo, upana usioonekana. Wakati huohuo, gundi inayozishikanisha haitupwi: inahamishiwa kwenye kingo. Katikati zinaachana, pembeni zinazidi kushikana. Baada ya hapo VEGF, harufu ileile iliyoziita, inaamsha ndani ya kila seli nyuzi za kuvuta, za jamii moja na zile zinazokunja misuli, nazo zinaibonyeza seli ijivute nyuma na kubadili umbo. Ufa unakuwa tundu.

Na katika mishipa inayochipua kutoka kwenye mshipa wenye damu tayari, damu yenyewe inasaidia kusukuma. Hilo lilionekana mwaka 2016 katika zebrafish, samaki mdogo ambaye anapokuwa mchanga mwili wake unapitisha mwanga, mtu anaweza kutazama mishipa yake ikifunguka akiwa hai. Shinikizo la damu linabonyeza utando wa seli, unavimba kuelekea ndani kama vipovu. Vipovu visivyohitajika seli huvirudisha kwa kukaza nyuzi zake, na kile cha mahali pake huachwa kiendelee. Seli inapokea msukumo na wakati huohuo inauchagulia njia.

Nilipofika kwenye kazi ya watu wa hapa Birmingham nilisoma mara nne. Mwaka 2011, kikundi cha Chuo Kikuu cha Birmingham, ambamo walikuwamo Victoria Heath na Roy Bicknell, kilichapisha utafiti juu ya protini iitwayo RhoJ, swichi ndogo ndani ya seli za mishipa. Walizima RhoJ katika seli za vitovu. Seli hazikufa. Zilichofanya ni kushika sakafu kwa nguvu kupita kiasi, vituo vya kujishikiza vikawa vingi, nyuzi za ndani zikakaza. Zikashindwa kutembea na kushindwa kujipanga kuwa mirija. Walipozipa dawa ya kulegeza ule mkazo, uwezo wa kutengeneza mirija ukarudi. Nyuzi zilezile zinazohitajika ili kufungua uvungu, zikikaza bila kiasi, zinauzuia. Kila kitu kiko katika lini, wapi na kiasi gani, na hayo matatu huamuliwa na ishara.

Siku niliyosoma hayo nilikuwa nimetoka kumfundisha mkunga mwanafunzi kupokea kichwa cha mtoto. Mikono yake ilikuwa imekaza, anakizuia kichwa badala ya kukisindikiza. Nilimwambia legeza, usiachie. Kwa muda mrefu maneno hayo nilikuwa nikiyasema kwa mazoea, kama nilivyoyapokea kwa bibi. Bibi yeye aliyasema kwa kunishika viganja, nina miaka tisa, akinifundisha kupokea mwanambuzi.

Kuna mahali katikati ya jiji hili ninapenda kukaa nikiwa na mawazo, Gas Street, mifereji miwili inapokutana. Kampuni ya mfereji wa zamani ilihofia kwamba ule mpya wa kutoka Worcester ungeinyang'anya maji, hivyo mifereji hiyo ilipofikishwa pamoja iliachwa na ukuta kati yao, upana wa kama futi saba. Mashua zilikuwa zikisimama huku na huku, na shehena yote, makaa na vyuma, inabebwa kwa mikono kuvushwa ukutani. Hali hiyo iliendelea hadi ruhusa ya mwaka 1815 ya kupasua ukuta na kuweka lango. Ukuta bado upo, watu hupita juu yake. Mishipa nayo inayochipua kutoka pande mbili hufika mahali pa kukutana namna hiyo: viongozi wawili wanagusana, na kati ya uvungu huu na ule umebaki ukuta wa seli zenyewe. Mpaka ufunguke, damu haipiti. Wanadamu iliwachukua zaidi ya miaka ishirini, na seli hufanya kwa saa chache.

Nirudi kwa binti wa 1997, maana kwa ajili yake ndiyo nilisoma yote haya.

Mimba inapoanza, ateri za tumbo la uzazi ni nyembamba na zimejisokota, zina ukuta wenye misuli. Seli za kondo huingia ndani yake, huvunja misuli hiyo na kuzipanua, mpaka ateri iliyokuwa kama unyasi iwe na mdomo mpana usioweza tena kujifunga. Kazi hii kwa kawaida inakamilika kufikia nusu ya mimba. Kwa baadhi ya wanawake haikamiliki. Uvungu unabaki mwembamba, kondo linakosa damu ya kutosha. Kondo lenye njaa humwaga kwenye damu ya mama vipokezi vya VEGF vilivyokatwa, vinavyoelea bila kushikamana na seli yoyote. Vipokezi hivyo huidaka VEGF ya mama kabla haijafika inakotakiwa. Mwaka 2003 kikundi cha Ananth Karumanchi, Boston, kilionyesha kwamba wanawake wenye dalili za awali za kifafa cha mimba wana vipokezi hivyo kwa wingi kwenye damu, na panya wenye mimba waliopewa walipanda presha, wakatoa protini kwenye mkojo, figo zao zikaharibika vilevile.

Mishipa ya mtu mzima nayo inahitaji VEGF kidogo kila siku ili itulie. Wagonjwa wa saratani wanaopewa bevacizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya kuizuia VEGF isiulishe uvimbe, hupata mara nyingi mambo mawili: presha kupanda na protini kwenye mkojo. Nilipoiona sentensi hiyo nilifunga kitabu. Ni dalili za wajawazito wangu, zimetokea kwa wanaume wenye saratani ya utumbo, kwa sababu ujumbe uleule umekatwa njiani.

Binti yule, kwa hiyo, hakuwa na uchovu wa safari. Mishipa yake yote, ya figo, ya ini, ya ubongo, ilikuwa imekatiwa ujumbe. Vimulimuli alivyoviona vilikuwa habari kutoka huko. Alizipokea, akazifikisha kwangu kwa Kiswahili fasaha, na kwangu ndipo zilipokwama.

Siku hizi tuna zaidi ya tulichokuwa nacho. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulithibitisha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu, na dawa hiyo si ya gharama kubwa. Mjamzito mwenye vihatarishi hapa Uingereza hupewa aspirini kidogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kuanzia wiki ya 12. Kuna kipimo cha damu cha PlGF, ndugu wa VEGF anayedakwa na vipokezi vilevile. Hata hivyo hakuna kipimo kinachoanza kufanya kazi kabla mtu hajasikiliza. Mama akiniambia kichwa kinamuuma, nakaa kitandani pake. Sisimami na sinia. Namuuliza kinauma vipi, tangu lini, unaona nini, na nasubiri amalize, hata kengele ya chumba kingine ikilia. Wakunga wenzangu wengine huona nachelewa. Nimewaeleza habari ya 1997, na baadhi yao sasa nao wanakaa.

Mama wa Bukavu alirudi baada ya miaka miwili na nusu, mimba ya pili. Nilikuwa nimemtafuta kwa jibu langu, nikaambiwa amehamia mtaa mwingine. Tulikutana kliniki. Mtoto wa kwanza alikuwa anakimbia kwenye korido na kugonga milango. Nilimwambia yote, kwa urefu kama nilivyoandika hapa, na alisikiliza bila kunikatiza.

"Kumbe iliishi?" akauliza. "Ile ya kitovu chake?"

"Iliishi wiki kadhaa. Seli za kitovu haziishi milele. Zinagawanyika mara kadhaa halafu zinachoka."

"Na kisha mulizika?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia zilichomwa moto, pamoja na vitu vingine vya maabara, ndivyo utaratibu ulivyo. Alinyamaza. Alimwita mtoto wake, akamfunga kamba ya kiatu, akakaza fundo, akamwachia. Nilidhani nimempoteza. Kisha akavuta ile fomu ya ridhaa iliyokuwa mezani, akaisoma yote, mstari kwa mstari, akiniuliza neno hapa na pale. Ilimchukua robo saa. Akatia sahihi.

"Lakini kondo," akasema, "hiyo mutanipatia. Nitazika mwenyewe. Dada yangu iko na bustani Handsworth."

Alijifungua mwezi wa Agosti, mchana, dirisha liko wazi. Nilikata ncha ya kitovu, nikaipangusa. Safari hii nilimpelekea kitandani, nikaishika chini ya mwanga wa dirisha ili aone. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto, mtoto akiwa amelala kifuani, akanyoosha kidole karibu na kitovu bila kukigusa, akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.